Wakuu, ngazi za ndani ya kempa zinamtesa mama. Nifanyeje?

#1 MtotoWaNgamiani
Habari za humu.

Niko Texas. Mke wangu ni nesi wa mikataba: wiki 13 hospitali hii, wiki 13 mji mwingine. Tulichoka kulipia nyumba tusizokaa, tukanunua kempa iliyotumika, yaani nyumba ya kukokotwa na gari, ya aina ya semi. Shingo yake inakalia bodi la pikapu. Jiko na sebule viko chini. Chumba na bafu viko juu, huko shingoni.

Mama yuko nasi kwa miezi mitatu, katoka Tanga. Miaka 71, goti la kulia bovu. Chumba chetu kakikataa katakata, eti hawezi kulala kitanda cha wanandoa, basi analala kwenye kochi la chini. Lakini choo kiko juu. Udhu mara tano, na usiku anaamka kuswali tahajudi.

Jumamosi kabla ya alfajiri nikasikia kishindo. Namkuta kakaa kwenye ngazi, kanga imemkaa upande, ananiambia "Hakuna kitu, nimepumzika tu." Mtu gani anapumzika gizani saa kumi na nusu?

Nimepima. Miinuko mitatu: sakafu hadi kanyagio la kwanza inchi 9, la kwanza hadi la pili inchi 9, la pili hadi sakafu ya juu inchi 10 na nusu. Upana wa kukanyagia inchi 8. Hakuna pa kushika. Ukutani pana doa la kiganja chake, maana ndipo anapoegemea.

Nani kashapambana na hili?

#2 Kandambili
Pole kwa mama. Kwa hiyo anafelia kidato cha tatu?

#3 FundiMbao_Ilala
#2 umeniwahi 😂

Mleta mada, tatizo umeliandika mwenyewe bila kujua. Si urefu wa ngazi peke yake, ni kutolingana. Mguu hujifunza kimo kwenye mpando wa kwanza, halafu unarudia kilekile bila kuuliza akili. Ukipanda inchi 9, tena 9, mguu unaamini na ya tatu ni 9. Inapokuja 10 na nusu, kidole gumba kinagonga ukingo. Wakati wa kushuka ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mpando mrefu unakuwa wa kwanza.

Kwa nyumba za huko Marekani wanaruhusu tofauti ya inchi ⅜ tu kati ya mpando mrefu na mfupi kabisa. Wewe una inchi moja na nusu.

#4 Bi_Shangani
Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe hazilingani hata mbili, na bibi zetu walipanda na sinia za chakula mpaka wakafa kwa uzee. Siyo sababu hiyo. Sababu ni kwamba hana pa kushika. Nyumbani kwetu babu alifunga kamba ya nazi toka juu mpaka chini, nene kama mkono wa mtoto. Ilikuwa nyeusi kwa mikono ya watu.

#5 FundiMbao_Ilala
Bi Shangani, bibi yako alizijua ngazi zake miaka hamsini. Mama huyu kazijua wiki mbili, tena gizani.

#6 NesiWaMinnesota
Salaam. Nafanya kazi wodi ya mifupa.

Kabla hujanunua mbao, mfundishe mama kanuni tunayowapa wagonjwa wa goti: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mguu mbovu utangulie. Yaani mzima apande, mgonjwa ashuke. Kisha mguu wa pili uje ukae kanyagio lilelile, ndipo aendelee. Goti la kulia ndilo bovu, basi anapanda kwa kushoto, anashuka kwa kulia.

Maswali matatu. Anavaa nini miguuni? Anavaa miwani? Akishuka anatoka bafuni na miguu mibichi?

#7 MtotoWaNgamiani
Nesi, asante sana.

Miguuni: kandambili, au peku. Miwani: ndiyo, ile ya vioo viwili, juu vya mbali, chini vya kusomea. Miguu mibichi: ndiyo kabisa, anatia udhu halafu anashuka kuswali sebuleni. Sakafu ni vinili.

#8 NesiWaMinnesota
Haya, kesi imekwisha. Akiinamisha macho kutazama ngazi anatazamia kioo cha kusomea, na ukingo wa ngazi uko mbali kuliko kitabu. Anauona kama ukungu. Ongeza maji kwenye vinili. Mimi hiyo inchi moja na nusu siioni kama ndiyo mshitakiwa wa kwanza.

#9 FundiMbao_Ilala
Saa kumi na nusu usiku alikuwa amevaa miwani?

#10 MtotoWaNgamiani
Nimemuuliza. Anasema "Miwani ya nini, naenda kusoma gazeti chooni?"

#11 Kandambili
Mama apewe uzi wake mwenyewe humu.

#12 DerevaWaTunduma
Nimeendesha semi miaka 14 Bongo, sasa niko Ohio navuta mizigo. Watu wanalaumu kiwanda bure. Shingo lazima ipite juu ya kuta za bodi la pikapu na ibaki nafasi, la sivyo ukikata kona kwenye mteremko itagusa. Hapo sakafu ya juu imeshainuka. Na paa haliwezi kwenda juu zaidi, sheria ni futi 13 na inchi 6 kila jimbo. Kwa hiyo wamebanwa juu na chini, na urefu wa ndani wanauhitaji kwa jiko. Ngazi ndiyo inayokatwa.

#13 Mhaya_Houston
Kusahihisha kidogo #12: siyo kila jimbo. Huku Texas ni futi 14, na majimbo kadhaa ya magharibi pia. Ila watengenezaji hufuata kipimo kidogo ili gari lipite kote.

#14 DerevaWaTunduma
Sawa mkuu, nimekubali. Huko sijavuka na mzigo mrefu.

#15 Mzee_wa_Kilindini
Nyie mwazungumza ngazi, mie nimekaa baharini miaka ishirini. Ngazi ya meli ni kali kuliko hiyo, na hatukuanguka kwa sababu moja: hushuki ukitazama mbele. Unageuka, uso kwa ngazi, mikono miwili imeshika, unashuka kinyumenyume. Kanyagio la inchi 8 ukishuka kwa mbele, kisigino kinakaa, nusu ya unyayo inaning'inia hewani. Ukishuka kwa nyuma, sehemu ya mbele ya mguu ndiyo inayokaa, na hiyo ndiyo yenye nguvu.

#16 Bi_Shangani
Mama wa Kitanga ashuke kinyumenyume mbele ya mkwewe? Yakhe, hebu.

#17 Mzee_wa_Kilindini
Mkwe ageuze uso. Mifupa ya nyonga haijui mkwe.

#18 NesiWaMinnesota
Mzee yuko sahihi kwa ngazi kali. Lakini lazima pawe na vishikio pande mbili. Bila hivyo, usimgeuze mtu wa miaka 71.

#19 SelaWaArusha
Kwetu kwenye magari ya safari tuna jibu la shilingi elfu kumi: kigoda. Dereva anashuka, anaweka kigoda chini ya mlango, mzee wa Kijerumani anapanda. Tengeneza boksi la plaiwudi la inchi 4 na nusu, weka mbele ya mpando wa kwanza. Umemaliza.

#20 FundiMbao_Ilala
Hujamaliza, umeharibu zaidi. Sasa anapanda 4 na nusu, 4 na nusu, 9, halafu 10 na nusu. Umelainisha pale ambapo hapakuwa na shida. Boksi lake liko chini, ugonjwa uko juu.

Hesabu ya kweli ni hii. Kimo chote ni 9+9+10½ = inchi 28 na nusu. Gawa kwa nne unapata inchi 7 na ⅛ kila mpando. Hiyo inaingia hata kwenye kanuni ya nyumba za kawaida, ambayo ni inchi 7¾ kwa kimo na 10 kwa kanyagio. Na kanuni ya zamani ya mafundi, iliyoandikwa na Mfaransa François Blondel karne ya 17, inasema vimo viwili jumlisha upana mmoja ije kama sentimita 63, yaani karibu inchi 25. Yako ya sasa: 9+9+8 = 26. Ya juu: 10½+10½+8 = 29. Mpya: 7⅛+7⅛+10 = 24 na robo. Mama atapanda akiimba.

#21 SelaWaArusha
Kanuni niliyoiona mimi ni 8¼ na 9.

#22 Mhaya_Houston
Hiyo ni ya zamani, ila bado iko kwenye baadhi ya majimbo. Zote mbili hazimhusu mleta mada: kempa inahesabiwa gari, siyo nyumba. Ndiyo maana wameweza kumuuzia mpando wa inchi 10 na nusu.

#23 MtotoWaNgamiani
Fundi, nimeipenda hesabu yako, nikaenda kupima. Sasa hivi makanyagio mawili yanakula inchi 16. Matatu ya inchi 10 yatakula 30. Nitatoka mbele inchi 14 zaidi, na hapo ndipo linapopita jiko (tukiegesha linatokeza nje ubavuni) tukilisukuma kuingia ndani siku ya safari. Ubavu wa jiko utagonga ngazi.

#24 FundiMbao_Ilala
Basi fanya la chini liwe la kutoa na kuweka.

#25 DerevaWaTunduma
Na alifunge! Kitu chochote kisichofungwa ndani ya tela kina tabia ya kuhama. Nilibeba friji la mtu Makambako nikalikuta limelala kwenye mlango. Boksi la mbao likipigwa breki ya ghafla linakwenda mbele kama jiwe la manati. Siku ya safari liweke kitako chini, ulifunge kwa mkanda.

#26 Kandambili
Friji lilikuwa limechoka kusimama toka Tunduma 😂

#27 InjiniaWaKinondoni
Kuna ngazi za kukanyagia kwa zamu. Kila kanyagio limekatwa nusu: upande huu wa mguu wa kushoto, upande ule wa kulia, zinapishana. Kwa urefu uleule mfupi wa inchi 16 unapata pa kukanyaga papana kwa kila mguu. Ndiyo zinazotumika kwenye vyumba vya darini kule Ulaya. Tatizo limekwisha bila kugusa jiko.

#28 NesiWaMinnesota
Hapana, hapana. Rudi #6. Mgonjwa wa goti anapandisha mguu mzima kisha analeta wa pili *kanyagio lilelile*. Kwenye ngazi za zamu hakuna kanyagio la kuwekea miguu miwili. Unamlazimisha goti bovu libebe mwili mzima kila hatua ya pili. Tena lazima akumbuke aanze na mguu upi, usiku, akiwa na haja.

#29 InjiniaWaKinondoni
Hilo sikulifikiria. Naliondoa pendekezo.

#30 Bi_Shangani
Mtu kaondoa pendekezo humu? Mods pin huu uzi.

#31 BintiMuheza
Mmesema sana kuhusu mbao, hakuna aliyesema ndoo. Mpeni mama ndoo yenye mfuniko chini, na birika la udhu na besheni. Asipande kabisa usiku.

#32 MtotoWaNgamiani
Tulijaribu. Mke wangu alileta kile kiti cha choo cha hospitali. Mama alikitazama, akakifunika kanga, asubuhi nikakuta kaweka juu yake sahani ya maandazi. Ujumbe ukafika.

#33 Kandambili
Nimekufa.

#34 Mzee_wa_Kilindini
Mwanangu, rudi kwenye post yako ya kwanza. Umesema ukutani pana doa la kiganja chake. Mwili wa mama ushakupimia. Weka chuma hapo hapo penye doa, usiweke pale fundi anapoona panapendeza. Cha pili upande wa pili, usawa huohuo. Na chuma kianze kabla ya mpando wa kwanza, maana mtu hushika kwanza ndipo anainua mguu.

#35 FundiMbao_Ilala
Heshima yako mzee. Hilo ni la maana kuliko hesabu yangu yote.

Nyongeza: kiwe cha mviringo, unene wa inchi moja na robo hadi mbili, kiganja kizunguke. Na kiache nafasi ya vidole na ukuta.

#36 Mhaya_Houston
Angalizo lililonigharimu. Ukuta wa kempa siyo ukuta. Ni plaiwudi nyembamba kama jalada la daftari, nyuma yake hewa na sponji. Nilifunga kishikio cha bafuni kwa skrubu nne, shemeji yangu wa kilo 110 akakishika, akashuka nacho na kipande cha ukuta. Tafuta nguzo za ndani kwanza. Kama ni za mbao, pitisha sumaku, itashika kwenye pini zilizopigiliwa plaiwudi. Kama ni za alumini, sumaku haishiki alumini yenyewe, itashika skrubu tu kama zipo za chuma. Gonga, sikiliza.

#37 MtotoWaNgamiani
Nimegonga mpaka jirani kaja kuuliza kama kuna tatizo. Nguzo zipo, lakini doa la mama liko katikati ya nguzo mbili. Kulia kwake inchi 7, kushoto 9.

#38 FundiMbao_Ilala
Rahisi. Chukua ubao mgumu wa inchi 1 kwa 6, uvuke nguzo zote mbili, uufunge kwa bolti au skrubu ndefu kwenye kila nguzo. Kishikio kifunge kwenye ubao, popote utakapo. Piga rangi ya ukuta, hakuna atakayejua.

#39 SelaWaArusha
Na utepe wa msasa kwenye kingo.

#40 NesiWaMinnesota
Siyo msasa, anatembea peku. Utamchubua vidole. Weka raba yenye mistari, na ukingo uwe rangi tofauti, njano au nyeupe, auone. Taa pia isiwe ya darini peke yake: inamulika mgongo wake na kivuli chake kinafunika ngazi. Weka zile za ukanda chini ya kila ukingo, zinazowaka zikihisi mtu.

#41 Msomaji_Kimya
Nasoma toka #1, mama yangu ana shida hiihii kwenye nyumba ya ghorofa Mbezi. Asanteni.

Swali: kwa nini mpando wa juu tu ndiyo mrefu? Kiwanda hakina tepu?

#42 DerevaWaTunduma
Kiwanda kinaunga sakafu ya chini na shingo kama vitu viwili. Ngazi inakuja mwisho, inatengenezwa ya vipimo vya kawaida, kilichobaki kinatupiwa juu.

#43 FundiMbao_Ilala
Si lazima. Imetumika hiyo. Mwenye nayo wa kwanza huenda alikuta sakafu ya juu inabonyea akaongeza plaiwudi. Toa kile kipande cha chuma cha ukingo wa juu uchungulie.

#44 MtotoWaNgamiani
Nimechungulia. Kuna plaiwudi ya nyongeza kweli, robo tatu ya inchi, rangi yake mpya kuliko ya chini.

#45 FundiMbao_Ilala
Nilisema.

#46 DerevaWaTunduma
Robo tatu ni nusu tu ya inchi moja na nusu. Nusu iliyobaki nani kaiweka?

#47 Bi_Shangani
Shetani.

#48 MtotoWaNgamiani
MREJESHO. Wiki mbili zimepita, samahani kwa kimya.

Nimeweka ubao na chuma penye doa, na chuma cha pili upande wa pili. Raba ya njano kwenye kingo. Taa za ukanda. Kitambaa cha kufutia miguu mlangoni mwa bafu. Boksi la SelaWaArusha pia nilitengeneza kabla sijasoma #20, liko.

Mama anapanda vizuri sasa, mguu wa kushoto kwanza. Vyuma anavishika vyote viwili. Kushuka kinyumenyume amekubali, kwa sharti kwamba mke wangu tu ndiye awe sebuleni. Boksi amelichukua: analikalia akikuna nazi.

Lakini bado kuna kitu. Akifika kanyagio la pili anasimama, anasubiri, ndipo anaendelea. Nimemuuliza kama goti linauma. Anasema goti halina neno: "Hii nyumba inanisukuma."

#49 NesiWaMinnesota
Mpime presha, akiwa amelala kisha akisimama. Wazee wengi presha inashuka wakisimama ghafla usiku, wanahisi kama dunia inatembea. Anatumia dawa za presha?

#50 MtotoWaNgamiani
Anatumia. Mke wangu atampima leo jioni.

#51 FundiMbao_Ilala
Ni ule mpando wa juu, hujaukata bado. Mwili unaukumbuka. Anasimama kujipanga.

#52 DerevaWaTunduma
Wote mnamtafuta mama, hakuna anayelitafuta tela. Mleta mada, ukiichomoa pikapu shingo inabaki juu ya miguu miwili ya mbele. Umeteremsha na zile jeki za nyuma za kutuliza? Bila hizo, mtu akihamisha uzito kupanda juu, tela linayumba kweli. Hajakosea, linamsukuma.

Na jambo la pili. Hiyo miguu ya mbele umeiinua kiasi gani? Pua ikiwa juu kidogo, makanyagio yote yanalalia nyuma, upande anaoshukia. Maji ya udhu yanajua.

#53 Mzee_wa_Kilindini
Hata chombo kikipakiwa vibaya nyuma, ngazi hubadilika. Hilo nimeliona.

#54 MtotoWaNgamiani
Jeki za nyuma nimeteremsha. Kulaza sawa nilipima siku tuliyofika, mwezi wa tatu. Mvua zimenyesha tangu hapo na miguu ya mbele imekalia vipande vya mbao.

#55 DerevaWaTunduma
Mbao juu ya udongo uliolowa. Pima maji unayo?

#56 MtotoWaNgamiani
Ninayo. Mama ameniona naichukua, kaniuliza natafuta nini. Nikamwambia naangalia kama nyumba imelala sawa. Akasema "Si nimekwambia toka wiki ile?"

#57 Kandambili
Weka picha ya kipovu.

#58 MtotoWaNgamiani
Niko kwenye kanyagio la pili. Kipovu kimeenda upande wa jiko, siyo mbele wala nyuma.

#59 FundiMbao_Ilala
Upande wa jiko?? Ngoja, geuza pima maji kichwa kwa mkia upime tena. Huenda yenyewe ndiyo imekufa.